Magazeti ya Kiswahili na Wasomaji Wake katika Nchi ya Uzigua

Msafiri atokaye Chalinze kuelekea kaskazini hupita Mkata kabla ya kufika Kabuku na Segera. Hapo Mkata njia hugawanyika. Iliyo kuu yaendelea mbele, na nyingine yapinda kushoto kwenda mjini Handeni, mwendo wa kilometa zipatazo 54. Mkata si mji wa wapiga chapa. Ni mji wa mabasi, magunia ya mahindi, machungwa ya msimu, na akina mama wauzao karanga zilizofungwa ndani ya vipande vya gazeti kuukuu. Huenda msomaji akashangaa kwamba makala juu ya historia ya magazeti yaanzia mahali kama hapa, badala ya kuanzia Dar es Salaam yatokako magazeti yenyewe. Lakini gazeti lina gharama mbili. Ya kwanza ni gharama ya kulitengeneza, na hiyo huonekana vizuri mjini. Ya pili ni gharama ya kulifikisha kwa msomaji, na hiyo haionekani vizuri ila huku mwisho wa safari, mahali ambapo gazeti la leo lilizoea kusomwa kesho kutwa.

Swali tutakalolichunguza ni la fedha. Je, tangu gazeti la Kiswahili lilipozaliwa, ni nani aliyeligharimia, na mgharimiaji huyo alipata nini? Watu wengi hudhani swali hili limezuka pamoja na simu ya mkononi na mtandao wa intaneti, kwa sababu wachapishaji wa siku hizi hulalamika hadharani kwamba msomaji ataka kusoma bure. Kwa hakika malalamiko hayo ni ya zamani sana.

Yafaa ikumbukwe kwamba sehemu hii ya nchi yetu, yaani Tanga na bara yake, ni miongoni mwa zile zilizouona mwanzo wa magazeti ya Kiswahili. Mwaka 1888 Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa kifupi cha UMCA, ilianza kutoa Msimulizi kutoka chuo chake cha Kiungani, Unguja. Wengi wa walioliandikia walikuwa vijana wa Kiafrika waliosomea chuoni hapo, kisha wakatawanyika kwenda kufundisha katika vituo vya misheni, vikiwamo vile vya Bonde kama Magila na Mkuzi. Katika miaka ya 1890 kituo cha Magila, kiitwacho pia Msalabani, hapo karibu na Muheza, kikatoa gazeti lake chenyewe, Habari za Mwezi. Magazeti hayo hayakuwa biashara. Misheni ndiyo iliyonunua karatasi na wino, na faida iliyoitafuta haikuwa ya sarafu, bali waumini wasomao na walimu wasiojiona wapweke.

Hata hivyo, jambo moja lililofanyika katika kurasa zile lastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo lililowafunga wasomaji na gazeti lao kwa muda wote uliofuata. Mwalimu wa kituo cha mbali aliandika barua juu ya mvua, njaa, ndoa, misiba na safari. Barua ile ilipigwa chapa, na gazeti likamrudia yeye mwenyewe likiwa na jina lake ndani. Mtu wa namna hiyo hangoji gazeti kwa ajili ya habari tu. Alingoja kujiona, na kuwaona wenzake aliosoma nao dawati moja.

Msalabani palipigwa chapa pia kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichotungwa na Abdallah bin Hemedi. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1895, ya pili 1904, na ya tatu 1907. Kitabu hicho chasimulia habari za Mbegha, mtu aliyetoka Unguu, katika bara hii hii ya Handeni, akaenda kutawala Usambaa. Msomaji wa leo anayekasirika kwa kuambiwa kwamba hadithi itaendelea wiki ijayo, na afikirie yule aliyesoma sehemu ya kwanza akangoja miaka 9 kupata ya pili!

Gazeti la Kiongozi lilifuata mkondo mwingine. Lilitolewa katika Shule ya Serikali ya Tanga, na wanafunzi wa shule hiyo walijifunza kazi ya kupiga chapa katika kiwanda chake. Liliendelea hadi mwaka 1916, Waingereza walipoiteka Handeni mwezi wa Juni na Tanga mwezi wa Julai. Serikali ya Wadachi haikulianzisha kwa kumpenda msomaji. Ilihitaji makarani, maakida na walimu wenye lugha moja, na watu hao walipotoka Tanga wakapelekwa bara kushika kazi, gazeti likawafuata huko walikokwenda. Wao nao wakaliandikia habari za miji yao, za safari zao na za kilimo, tena wakatunga mashairi. Kwa lugha ya biashara ya siku hizi twaweza kusema kwamba shule ilijitengenezea wateja wake yenyewe, kisha ikawauzia kitu walichokiandika wenyewe. Mwandishi wa habari hakulipwa. Malipo yake yalikuwa jina lake, na jina la mji wake, katika ukurasa uliosomwa Tabora na Bagamoyo.

Reli nayo ilisaidia. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza 1896 na Korogwe 1902. Gazeti lililopakiwa Tanga liliweza kufika Korogwe siku ile ile, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Kutoka Korogwe kwenda Handeni mambo yalikuwa mengine. Huko gazeti lilikwenda kwa miguu ya mtu, kama vilivyokwenda vitu vingine vyote.

Baada ya vita Waingereza walilichukua wazo la Wadachi wakalitanua. Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Hili ndilo gazeti ambalo wazee wengi walioishi zama za mkoloni walilitaja kwa jina. Walijifunzia kusoma humo, walisomea humo habari za dunia, na humo walishindana kwa mashairi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alikuwa miongoni mwa walioandika katika kurasa zake miaka ya 1930, kabla jina lake halijatanda Afrika Mashariki. Malenga mmoja aliuliza fumbo, wa wilaya nyingine akalijibu mwezi uliofuata, na wa tatu akawakosoa wote wawili kwa kukosea vina. Watu walibishana pia juu ya maneno: lipi ni la Kiswahili safi, na lipi limeokotwa njiani. Mabishano hayo hayakumgharimu mhariri hata senti moja, nayo ndiyo yaliyowafanya watu wanunue toleo lililofuata. Sidhani kama mchapishaji yeyote wa baadaye amewahi kupata njia rahisi zaidi ya kumrudisha msomaji.

Lakini serikali ndiyo iliyolipa, na mlipaji ndiye mchaguzi. Mtu wa Handeni aliweza kuandika kwamba mahindi yamekauka, wala asiweze kuandika kwa uwazi ule ule kwamba kodi imezidi. Mlango wa mashairi na wa adabu njema ulikuwa wazi, na mlango wa madai ulifunguliwa kidogo tu, kwa kipimo cha bwana mkubwa.

Hapo ndipo anapoingia Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam. Mwezi wa Novemba 1937 alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fiah aliyasema ambayo Mambo Leo halikuweza kuyasema: mishahara midogo, dharau, na biashara iliyokuwa mikononi mwa wageni. Ila hakuwa na Idara ya Elimu nyuma yake. Alitegemea mauzo, na matangazo ya wafanyabiashara, ambao baadhi yao walikuwa wa jamaa zile zile alizozilaumu. Mtego huu hauna budi kueleweka vizuri na kila mwanafunzi wa historia ya magazeti. Msomaji aliyelihitaji zaidi Kwetu alikuwa kibarua, karani mdogo au mchuuzi. Huyo ndiye aliyekuwa na fedha kidogo kuliko wote, naye nakala moja aliisoma pamoja na wenzake kumi. Mwenye fedha za kutoa matangazo hakuwa na haja na gazeti la namna hiyo. Kwetu lilijikokota hadi mwaka 1951, na kwa maoni yangu miaka hiyo 14 ni ushindi mkubwa kuliko ule wa magazeti mengi yaliyouza nakala maradufu.

Wakati huo huo mashamba ya mkonge ya Korogwe, kama Ngombezi, Magunga na Mnyuzi, yalikuwa yamejaa watu wa makabila mengi walioletwa kwa mikataba, ambao twawaita manamba. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kambini alipatikana mtu mmoja ajuaye kusoma, naye akawasomea wengine jioni. Mchapishaji aliyehesabu nakala zilizouzwa aliona mnunuzi mmoja mahali palipokuwa na wasikilizaji thelathini. Kwa siasa, watu hao thelathini walikuwa mali kubwa. Kwa biashara hawakuonekana kabisa. TANU ilipoanza kuenea baada ya mwaka 1954 ilifahamu hesabu ya kwanza, na magazeti kama Mwafrika, lililoanza mwaka 1957, yalikwenda mbali zaidi ya idadi ya nakala zake.

Hesabu ya pili, ile ya biashara, ilipata mtaalamu wake mwaka 1959. Mpiga chapa Randhir Thaker wa Dar es Salaam alianzisha Ngurumo. Siri yake haikuwa ngumu: bei ya chini, habari fupi, maneno ya mtaani, na mitambo aliyokuwa nayo tayari kwa kazi nyingine za chapa. Ngurumo halikuwa na waandishi wengi wala picha nzuri. Lilikuwa na wanunuzi. Kwa miaka kadhaa lilikuwa miongoni mwa magazeti ya Kiswahili yaliyouzwa sana nchini, bila msaada wa misheni wala wa serikali. Lilikufa mwaka 1976. Mitambo ilikuwa imechakaa, na bei ndogo ile iliyompendeza msomaji haikuacha akiba ya kununulia mingine. Wasomaji walikuwapo hadi siku ya mwisho; kilichokosekana ni chuma.

Baada ya Uhuru hesabu zote ziligeuzwa. Chama kilikuwa na Uhuru tangu mwaka 1961, na mwaka 1970 serikali ikataifisha The Standard. Gazeti likawa chombo cha elimu na ujenzi wa taifa, na gharama ya kumfikia mtu wa kijijini ikahesabiwa kama gharama ya kumpelekea maji au dawa. Juhudi ya kufuta ujinga ilileta wasomaji wengi kwa haraka isiyopata kuonekana. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa kiasi cha 67 kwa kila mia, na kufikia mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wamepungua hata chini ya 10 kwa mia. Katika Kanda ya Ziwa lilianzishwa mwaka 1974 gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasomaji wapya wasije wakasahau walichojifunza. Reli mpya ya Ruvu hadi Mnyuzi, iliyokamilika mwaka 1963, iliunganisha Korogwe na Dar es Salaam.

Ila mara wasomaji walipokuwa tayari, karatasi ikaadimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha hata kwa mafuta na vipuri, licha ya karatasi za magazeti. Kurasa zilipunguzwa na nakala zikapungua. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza kazi katikati ya miaka hiyo, wakati ukame ulikwisha kuwazoeza watu kuishi bila gazeti. Mazoea yakivunjika, si kazi rahisi kuyaunga. Mtu aliyekuwa akinunua gazeti kila Jumamosi akilikosa kwa miezi sita, hugundua kwamba redio yamtosha.

Miaka ya 1990, baada ya kurudishwa kwa vyama vingi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yalifumka kama uyoga. Sina haja ya kuyataja yote. La muhimu ni kwamba yalirudia, kwa njia ya soko, mbinu zilizokwisha kutumiwa. Eric Shigongo aliweka hadithi za kuendelea katika magazeti yake ya udaku, na watu wakanunua toleo zima kwa ajili ya ukurasa mmoja. Magazeti ya michezo yalitegemea Simba na Yanga, kwa maana mpenzi wa Yanga hana likizo. Mwananchi, lililoanza mwaka 2000, lilijenga jina kwa habari zilizochunguzwa. Hata hivyo matangazo makubwa yalitoka kwa mabenki, kampuni za simu na serikali, na wote hao walitaka macho ya watu wa mijini. Nakala iliyopelekwa Mkata ilikula mafuta ya gari, ikafika imechelewa, na isiponunuliwa ikarudishwa au ikaishia kwa muuza karanga.

Sasa tutazame mtandao. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianza kuandika kwa Kiswahili katika ukurasa wake wa Jikomboe, na mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, akaanzisha wa kwake. Mwaka 2006 ukaanza mtandao uliokuja kuitwa JamiiForums. Ukitazama umbo lake, utaiona damu ya Msimulizi: watu wa mahali pengi wanaandika bure, wanajibizana, wanarudi kesho kutazama wamejibiwa nini. Michuzi aliwavuta Watanzania walioko ng'ambo kwa picha za harusi, misiba na watu waliofahamiana. Mwaka 2009 waya wa kwanza wa intaneti wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, na simu za bei nafuu zikafuata, kile kikwazo cha tangu enzi ya Wadachi kiliondoka. Gazeti sasa lafika Mkata kwa dakika ile ile lifikayo Kariakoo.

Mtu angetazamia kwamba kikwazo kikiondoka, habari za Mkata zingejaa. Haikuwa hivyo, na sababu imo katika namna ya malipo. Mchapishaji wa mtandaoni ana njia chache za kupata fedha. Aweza kumtoza msomaji ada kwa simu, jambo ambalo limewezekana tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza mwaka 2008, lakini wachache ndio wanaokubali kulipa, kwa kuwa tayari wamelipia bando na wanaona wamemaliza. Aweza kufuata kampuni moja moja akiomba matangazo. Au aweza kuiachia kampuni kubwa ya ng'ambo imtafutie matangazo na kumgawia fungu. YouTube, kwa mfano, humpa mwenye video ndefu 55 kwa kila mia ya mapato ya matangazo, nayo hubaki na 45. Bei ya tangazo lenyewe hutegemea mtazamaji ni nani na yuko wapi. Mfanyabiashara hulipa zaidi kumfikia mtu mwenye fedha zaidi. Kwa hiyo Mtanzania aliyeko London, akitazama video ile ile anayoitazama ndugu yake aliyeko Mkata, kwa kawaida humletea mchapishaji fedha nyingi kuliko huyu wa Mkata.

Basi mwenye kuendesha ukurasa hujifunza upesi. Habari ya mwanamuziki wa Dar es Salaam itatazamwa na watu laki mbili kutoka kila pembe. Habari ya ghala la mahindi la Handeni itatazamwa na watu mia nne, wote wa Handeni. Wa kwanza humlisha, wa pili humtia hasara ya nauli. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuidharau Handeni; ni hesabu tu. Zaidi ya hayo, kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye kuchapisha maudhui mtandaoni kuwa na leseni, na ada zake za mwanzo, zikijumlishwa, zilifikia kiasi cha shilingi milioni 2. Kanuni hizo zimebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Lakini fikiria mwalimu wa Mkata anayetaka kuandika habari za kijiji chake, kama alivyoandika mwalimu wa Magila mwaka 1890. Yule wa Magila hakudaiwa kitu. Misheni ilimpa hata karatasi.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni serikali kugharimia tena magazeti ya vijijini. Mambo Leo latukumbusha gharama ya pili ya msaada huo. Wengine wasema soko liachwe lifanye kazi yake, nao Kwetu na Ngurumo wanawajibu. Mimi naona kwamba wale waliodumu mioyoni mwa wasomaji walimpa msomaji nafasi ya kusema kabla ya kumtaka fedha, na kwamba nafasi hiyo peke yake haijapata kulipia wino. Mambo haya mawili hayajapatanishwa katika historia yetu.

Wakati hayo yakingoja, watu wa Mkata wamejitengenezea gazeti lisilo na jina. Limo katika makundi ya simu: kundi la shule, la msikiti, la kwaya, la waendesha bodaboda. Kila asubuhi mtu hutuma picha za kurasa za mbele za magazeti ya Dar es Salaam, nao husoma vichwa vya habari bure. Kisha mwingine husema kwa sauti yake kwamba gunia la mahindi leo limenunuliwa kwa kiasi fulani, kwamba fulani amefiwa na mazishi ni saa kumi, kwamba daraja limekatika. Ni habari zile zile za Msimulizi, kwa waandishi wale wale wasiolipwa. Tofauti ni moja. Toleo la Kiongozi laweza kusomwa hata leo na mtafiti katika maktaba ya Ujerumani, na Mambo Leo lipo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu kuna aliyelipa karatasi ile na aliyelipa rafu ya kuiwekea. Kundi la simu hudumu kadiri simu inavyodumu. Mwaka wa njaa au wa mafuriko unaosimuliwa humo sasa hauna karatasi, na simu ikitumbukia mtoni, mwaka huo huenda nayo.